Sheria za Michuki, nilivyoziona nikiwa mlangoni mwa matatu

Jumapili ya tarehe 1 Februari 2004 ndipo Sheria za Michuki, kanuni za matatu (magari ya abiria) zilizopewa jina la waziri wa uchukuzi, zilipoanza kufanya kazi nchini Kenya. Wakati huo nilikuwa makanga, yaani kondakta, wa matatu moja aina ya Nissan ya njia ya 111, Ngong hadi Railways mjini Nairobi. Vijana wanaopanda matatu leo wanazijua sheria hizo kama jina la zamani ambalo mawaziri hulifufua wakikasirika. Sisi zilitukuta kazini. Zilituvua nguo zetu zikatuvika zake, zikatuhesabia viti, na kwa miezi kadhaa zikaleta jambo ambalo sijaliona tena kwa kiwango kile: watu walizifuata hata mahali ambapo hakukuwa na askari.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini zilishika, na kwa nini baadaye zililegea. Ukiuliza watu utapewa jibu moja kati ya mawili. Wapo wanaosema Michuki alikuwa mkali na baada yake hakuja mkali mwingine. Wapo wanaosema polisi wa trafiki walirudia kitu kidogo, yaani hongo, basi. Sibishani na yeyote kati yao, ila wote wanatazama barabara kutoka nje ya gari. Mimi nilikuwa mlangoni, pesa zikipita mkononi mwangu, na kutoka pale mambo yalikuwa na sura nyingine.

Kabla ya 2004 Nissan yetu ilikuwa ya abiria 18. Hiyo ilikuwa hesabu ya karatasi. Kuanzia saa kumi na moja jioni tuliwabeba hao 18, tukaongeza wawili wa kuning'inia nami mlangoni, kisha mmoja au wawili wa kukalia ubao tulioulaza katikati ya viti. Ukijipenyeza kwenda nyuma kuchukua nauli lazima umkanyage mtu. Muziki ulikuwa juu, na mama aliyetaka kushuka Bulbul alilazimika kugonga dirisha kwa sarafu hadi mtu wa mbele amwonee huruma na kutupigia kelele. Hakuna aliyeona hayo kuwa ajabu. Matatu ni biashara iliyozaliwa nje ya sheria. Zilianza kwa kubeba watu kwa senti thelathini bila leseni, na mwaka 1973 Rais Kenyatta akaziruhusu kuendelea kubeba abiria bila leseni ya usafiri, wananchi wajitafutie riziki. Mtoto aliyelelewa hivyo ukimwambia ghafla avae sare, atakutazama tu.

John Michuki aliingia Wizara ya Uchukuzi na Mawasiliano baada ya muungano wa vyama wa NARC kushinda uchaguzi wa Desemba 2002. Alikuwa mbunge wa Kangema, mtu aliyeanza utumishi enzi za mkoloni, na kwao alipewa jina la Kimeendero, ambalo si jina wanalopewa watu wapole. Oktoba 2003 kanuni zake zikachapishwa katika gazeti rasmi la serikali, Notisi ya Kisheria nambari 161. Nissan zishuke kutoka abiria 18 hadi 14. Kila kiti kiwe na mkanda. Gari lifungwe kifaa cha kuzuia mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Lipakwe mstari wa manjano unaolizunguka lote, na njia yake iandikwe. Dereva na kondakta wavae sare, wawe na beji na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Picha ya dereva ibandikwe ndani abiria waione. Na kulikuwa na agizo jingine ambalo sikuwahi kumsikia mtu akilitaja stejini (kituoni), kwamba mwenye gari awaajiri dereva na kondakta kazi ya kudumu, awalipe mshahara kila mwezi. Hilo nitalirudia.

Mwenye gari letu alikuwa mzee wa makamo, mfanyabiashara mtulivu, na alikuwa na hakika kwamba tarehe itasogezwa. Hakuwa mjinga. Sote tumekulia katika nchi ambayo tarehe husogezwa. Wiki ya mwisho ya Januari ndipo alipoona kwamba huyu waziri hasogei, akaja usiku na bunda la noti, tukaanza kuhangaika. Mafundi wa Kirinyaga Road walikuwa hawalali. Tulifungiwa gavana, kile kifaa cha kuzuia mwendo (siku hizo jina hilo lilikuwa la kifaa tu, kaunti hazikuwapo), tukang'olewa viti, tukachorewa mstari. Picha ya mwanamuziki iliyokuwa nyuma ya gari ikafunikwa kwa rangi nyeupe; aliyeichora alikuwa rafiki yangu na hakunisemesha kwa muda. Sare ya dereva ilikuwa buluu, yangu maruni, na kila fundi wa nguo mjini alikuwa na maruni yake. Niliyoshonewa mimi ilikuwa inaelekea zambarau. Hakuna askari aliyewahi kuniuliza.

Jumatatu tarehe 2 Nairobi ilitembea kwa miguu. Magari mengi hayakuwa tayari, letu likiwamo, maana karatasi ya ukaguzi ilikuwa haijatoka. Watu walifuatana kando ya Ngong Road tangu alfajiri, viatu vya ofisini mkononi, raba miguuni. Nilitarajia watukane serikali. Wengine walitukana. Lakini nilishangaa jinsi wengi walivyokuwa wakicheka, wakisema acha tutembee, hawa watu wa matatu lazima washikishwe adabu. Nilivua kofia ya kazi nikatembea nao kimya.

Tuliporudi barabarani ndipo nikajua kwamba mambo yamebadilika. Gari lilikuwa limejaa 14, tuko Dagoretti Corner, kijana mmoja mwenye mkoba akapunga mkono. Nikamfungulia kwa mazoea nikamwambia ingia, tutakutafutia pahali. Mama aliyekaa karibu na mlango akaunyakua mlango akaufunga mwenyewe.

"Kijana, hii imejaa. Twende."

Nikajaribu kumtuliza. "Mathe, ni hapo tu mbele anashuka."

"Basi ashukie hapo alipo."

Gari zima likaangua kicheko, na kijana akabaki barabarani. Dereva wangu, ambaye alikuwa kazini miaka mingi kuliko mimi, akanitazama kwenye kioo kana kwamba mimi ndiye niliyemleta yule mama. Siku hiyo hatukuona askari hata mmoja kati ya Ngong na mjini.

Ili kuelewa ujasiri wa yule mama, lazima ukumbuke hali ya nchi wakati ule. Mapema mwaka 2003, NARC ikiwa mpya, kulitokea visa ambavyo vilijaa magazetini: abiria wa matatu waliwashukia askari waliopokea hongo, wakawazingira, wakawalazimisha kurudisha pesa. Fikiria hilo. Watu walewale waliokuwa wakiinamisha vichwa makanga akimpa trafiki noti iliyokunjwa sasa walikuwa wanashuka kumdai. Nchi ilikuwa imepandwa na kiburi kizuri, na sheria za Michuki zikaangukia juu ya kiburi hicho zikiwa bado mpya.

Ila kiburi peke yake hakingedumu wiki mbili. Kulikuwa na jambo la pili, nalo ni la pesa. Viti vilipopunguzwa nauli ilipanda, na watu walilalamika kweli. Lakini mtu akishalipia zaidi kwa kiti kizima, kiti hicho kinakuwa chake. Hakubali nimgawie mwenzake nusu. Awali nilikuwa nikiwaambia abiria wasonge, nao wanasonga, kwa sababu kila mtu alijua kesho yeye ndiye atakayesongewa. Sasa nikisema songeni, natazamwa kama mwizi. Sheria ilikuwa imempa kila abiria kitu cha kushika, na kila aliyekishika akawa askari wa kitu chake.

Linganisha na mikanda. Mkanda ulikuwa na faida kubwa kuliko hata kiti, kwa sababu ndio unaookoa roho, lakini katika matatu zetu mkanda ulimpa abiria uchafu. Ilishikwa na mikono ya kila aina, ikaburutwa sakafuni kwenye matope ya Ngong, na wanawake wenye blauzi nyeupe walishuka mjini na mchirizi wa kahawia kutoka bega hadi kiuno. Nilikuwa naifua Jumapili kwa sabuni ya unga, kufikia Jumanne imerudi ilivyokuwa. Basi mikanda ndiyo iliyokuwa ya kwanza kugeuka maigizo. Tukikaribia kizuizi cha polisi napiga bati mara mbili, abiria wote wanavuta mikanda na kuishikilia kifuani kwa mkono bila kuifunga. Tukishapita, wanaiachia kwa pamoja. Askari alikuwa anaona mikanda 14 vifuani. Alikuwa anaridhika, au alikuwa anajua na hajali.

Na gavana? Ngong Road haikuhitaji gavana, msongamano wa magari ulitutosha. Kazi yake ilionekana wikendi, tukikodiwa kwenda mazishi mashambani. Dereva alipeleka gari kwa fundi akafungiwa swichi ndogo chini ya usukani, na kilomita 80 zikawa za kuonyesha wakaguzi. Sikushangaa. Kifaa ambacho anayeumizwa nacho ndiye anayekaa nacho peke yake kutwa nzima kitaishi kwa muda gani?

Sasa niseme jinsi siku ya matatu inavyohesabiwa, maana bila hilo yote haya yanaonekana ni tabia mbaya ya watu wabaya. Gari likitoka asubuhi, siku hiyo tayari ina madeni. Kuna pesa za mwenye gari, kiwango amekitaja na hataki hadithi. Kuna mafuta. Kuna vijana wa steji wanaojaza gari, kuna wa kuosha, kuna pesa za njiani ambazo hazina risiti. Hayo yote yakitoka, kinachobaki ndicho chetu, dereva na makanga. Kikibaki kidogo, tunakula kidogo. Kisipobaki, tumefanya kazi tangu saa kumi alfajiri hadi saa nne usiku bure. Kwa hivyo abiria wa kwanza hadi wa kumi na nne si wetu. Hao ni wa mwenye gari, wa petroli na wa barabara. Abiria wa kumi na tano ndiye chakula chetu. Mwendo nao ni vivyo hivyo: safari moja zaidi kabla giza halijaingia ndiyo kodi ya nyumba.

Ndiyo maana nasema lile agizo la mshahara wa mwezi ndilo lililokuwa na roho ya sheria nzima. Yale mengine yalitukataza kufanya jambo. Hilo moja ndilo lingetuondolea sababu ya kulifanya. Mtu mwenye mshahara hana haja na abiria wa kumi na tano. Lakini askari akisimamisha gari huona mstari wa manjano, huona sare, huhesabu vichwa. Mkataba wa kazi hauonekani dirishani. Mkaguzi aliyelipima gari letu alipima breki, taa na viti, akanusa hata moshi, asimuulize mzee analipa watu wake namna gani. Kwa hiyo kilichoonekana kikatekelezwa mara moja, na kisichoonekana kikaachwa, nasi tukabaki na sare mpya juu ya hesabu ileile ya zamani. Tena ilikuwa mbaya zaidi, maana viti vilipungua na mzee hakupunguza pesa zake kwa kadiri hiyo.

Mvua ndiyo iliyofungua mlango. Mwezi wa Aprili, jioni, Karen kuna baridi ya kukata, gari limejaa 14 na stejini amesimama mwanamke amebeba mtoto, mwavuli umegeuka nje ndani. Safari hii sikusema lolote. Abiria wenyewe walisema, muingize tu, maskini. Nani angekataa? Akaingia, akakaa nusu kiti, na aliyemgawia akaonekana mtu mwema. Kesho yake alikuwa mzee mwenye mkongojo. Baadaye walikuwa wanafunzi. Baadaye ikawa yeyote, mradi ni usiku. Huruma ilipokwisha kuzoeleka ikaingia bei: nikaanza kuwatoza wa kusimama pungufu kidogo, nao wakafurahi, na waliokaa wakanyamaza kwa sababu wenyewe juzi walisimama. Kiti kikarudi kuwa cha wote. Tangu hapo hakukuwa na mama wa kufunga mlango.

Askari waliliona hilo upesi. Watu husema trafiki ndio walioua sheria za Michuki. Kwa nilivyoona, walikuta imeshaanza kufa wakaipangia bei. Kosa linaloonekana kwa mbali ni rahisi kulipishwa, na sisi tulikuwa na makosa mengi mapya ya kuonekana: beji imeachwa nyumbani, mstari umefifia, mkanda mmoja umekatika. Ilifika mahali pesa za njiani zikawa na kiwango kama nauli, na zikaingia katika madeni ya asubuhi pamoja na mafuta. Matokeo yake ni kwamba tulihitaji abiria wa kumi na sita ili kumlipa askari aliyetukamata kwa sababu ya wa kumi na tano. Nikikumbuka hesabu hiyo hucheka, ingawa siku zile haikuchekesha.

Mwaka 2005 Michuki alihamishiwa wizara nyingine, na watu wakasema sheria imeondoka naye. Mimi naona ilikuwa imefungasha kabla yake. Nampa heshima yake hata hivyo. Miaka ya baadaye akiwa Waziri wa Mazingira aliushughulikia Mto Nairobi kwa ukali uleule, na leo kuna bustani yenye jina lake pale karibu na mzunguko wa Globe Cinema. Alifariki Februari 2012. Siku ya habari hiyo, matatu tuliyopanda ilikuwa na watu watatu wamesimama, na wote walikuwa wanamsifu.

Mlangoni nilitoka. Magoti ya makanga huzeeka haraka, na nilikuwa nimepata familia. Nikaingia upande wa pili: sacco, yaani chama cha ushirika, ya magari ya njia hiyohiyo ikaniajiri kuwa mkaguzi wa barabarani. Kanuni za mwaka 2014 zilikuwa zimetaka kila sacco au kampuni iwe na magari yasiyopungua 30, kwa hiyo wenye magari waliokuwa kila mmoja kivyake sasa walikuwa chini ya paa moja, na mtu wa kuwasukuma alihitajika. Mtu huyo nikawa mimi.

Kanuni hizo za 2014 zilirudia habari ya mikataba ya kazi, na safari hii zikaja na jambo ambalo lingeipa nguvu: nauli ilipwe kwa kadi, si kwa noti. Tarehe iliwekwa 1 Julai 2014, ikasogezwa hadi Desemba, kisha ikafifia. Wengi waliichukulia kama vita vya mabenki na kampuni za kadi. Kwetu maana yake ilikuwa nyingine kabisa. Mwenye gari hawezi kulipa mshahara kama hajui gari limeingiza nini. Ndiyo sababu anadai kiwango, kwa kuwa kiwango hakihitaji kuamini mtu. Kadi ingemwonyesha kila shilingi. Makanga walilijua hilo kuliko mtu yeyote, na walikataa kwa umoja ambao sikuwahi kuuona katika mgomo wowote. Niliwaelewa. Noti mkononi ndiyo inayomlipa kijana wa steji, ndiyo inayonunua chai, ndiyo inayopita dirishani kwenye kizuizi. Kadi haikunjiki.

Kisha ikaja 2018. Oktoba mwaka huo basi lilipinduka Fort Ternan, kaunti ya Kericho, likaua watu zaidi ya 50. Nchi ililia, na kulia kukageuka hasira. Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i na mwenzake wa Uchukuzi James Macharia wakatangaza kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 12 Novemba sheria za Michuki zinarudi, na zitafuatwa bila msamaha. Jumatatu hiyo Nairobi ikatembea tena kwa miguu. Nilikuwa Railways tangu saa kumi na moja alfajiri, na simu yangu haikunyamaza. Wenye magari walikuwa wananipigia mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nimejiandaa na orodha ya karatasi ambazo kila gari linakosa. Hakuna aliyeiuliza. Wote waliniuliza swali moja: msako utaisha lini?

Hapo nikaona tofauti na 2004. Michuki alipokuja, mzee wangu alitumaini tarehe itasogezwa, lakini ilipofika alijua imefika. Mwaka 2018 kila mtu, mwenye gari, dereva, abiria na nadhani hata askari, alijua kwamba msako una mwisho, na kwamba mwenye busara hulala nyumbani ukapita. Magari yaliyofichwa wiki ile yalikuwa mengi kuliko yaliyorekebishwa. Abiria nao hawakucheka. Nauli ilikuwa imepanda mara dufu kwa magari machache yaliyokuwa barabarani, na hawakupewa chochote kwa bei hiyo. Nilipanda gari moja kukagua, watu wamesimama hadi mlangoni mchana kweupe. Nikamwambia dereva awashushe. Abiria waliokaa ndio walionifokea: unataka hawa waende na nini? Nikatafuta jibu nikalikosa. Kufikia Krismasi mambo yalikuwa yamerudi kama kawaida, na takwimu za mwaka huo zikafungwa kwa zaidi ya watu 3,000 waliokufa barabarani.

Kwa upande wangu kama mkaguzi nilikuwa na fimbo moja yenye nguvu kweli. Steji ni ya sacco. Gari likikosea naliondoa kwenye foleni siku mbili, na hakuna faini ya mahakamani inayouma hivyo. Mwanzoni nilitumia fimbo hiyo sana. Nikapata utii wa mahali nilipo. Nikisimama Karen magari yote yanapita na watu wamekaa; nikihamia Bulbul, Karen inajaa. Madereva walikuwa wanaonyana kwa taa, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nikilishangilia zamani nikiwa mlangoni. Walinipa jina, silitaji hapa.

Kilichobadilisha kidogo mambo hakikutoka kwangu. Kuna mwanachama wetu, mwalimu mstaafu, mama mwenye mabasi mawili ya abiria 33. Alichoka kugombana kila jioni kuhusu pesa, akaamua kuwalipa watu wake kwa mwezi, na nauli ipokewe kwa M-Pesa kwenye namba yake. Wanachama walimcheka. Miezi ya kwanza alipata hasara ya kweli, kwa sababu makanga wake walikuwa wakipokea noti na kumwambia abiria wamekuwa wachache. Alimfukuza mmoja. Wa pili alimwita nyumbani, akamwekea daftari mezani, wakahesabu pamoja anachopata akiiba na anachopata kwa mshahara ukijumlisha bima ya hospitali ya watoto. Nasikia mazungumzo yalichukua mchana mzima na chai mbili. Yule akabaki.

Nilianza kuyafuatilia mabasi hayo kwa siri, kwa sababu kazi yangu ni kutoamini. Jioni moja ya mvua nilikuwa nimekaa nyuma, kofia imeshuka usoni. Basi limejaa, na Dagoretti Corner kuna umati. Makanga hakufungua mlango. Abiria mmoja wa mbele akamhurumia mtu wa nje akasema amuingize, ni mmoja tu. Dereva akageuka.

"Bwana, mimi nimeshalipwa. Huyo wa kusimama ni wa nani?"

Hakusema usalama, hakusema sheria, hakumtaja Michuki. Akaondoa gari.

Wanachama wengine wanne wamemfuata mwalimu tangu wakati huo, mmoja wao akarudi nyuma baada ya mwaka akisema haoni faida. Madereva wa mtindo wa zamani huwaita wale wa mshahara makarani. Msako wa Desemba ukitangazwa hupiga simu kwa kila gari la sacco kukumbusha bima, leseni na mikanda, na hayo ya makarani huyaruka, sina cha kuwaambia. Mwalimu bado hulalamika kwangu kwamba magari yake hufanya safari chache kuliko ya jirani zake. Ni kweli, nimehesabu mwenyewe. Nikimwuliza kama atarudia kiwango cha kila siku, husema atafikiria mwezi ujao, na mwezi ujao hulipa mishahara.